Shangazi, Nimeambiwa Niwaite Washiriki Wasaini kwa Tarehe ya Nyuma

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni msomaji wako wa siku nyingi, ila sikudhani ipo siku nitakuandikia. Nafanya kazi ya utawala katika kituo cha utafiti wa ubongo na magonjwa ya akili, huu ni mwaka wa sita. Si daktari wala mtafiti. Napanga miadi ya washiriki, naweka nafasi kwenye mashine ya MRI, nawarudishia watu nauli, natunza mafaili, na kila mwaka kibali cha kamati ya maadili kinapokaribia kuisha ndiye ninayeandaa makaratasi. Watafiti huja na kuondoka, mafaili yanabaki na mimi.

Tuna utafiti mmoja wa watu wenye skizofrenia na baipola. Mshiriki anahojiwa, anatolewa damu, halafu anapigwa picha za ubongo. Mwezi Machi kamati iliidhinisha toleo la 3 la fomu ya ridhaa. Yalibadilika mambo matatu: muda wa kulala ndani ya mashine ulitoka dakika 45 hadi 60, damu inayobaki itahifadhiwa miaka 10, na picha, zikishaondolewa majina, zitapelekwa kwenye hifadhi ya data wanayotumia watafiti wa vituo vingine. Niliweka toleo jipya kwenye kompyuta, nikatuma barua pepe kwa wote, nikachapa nakala 30 na kuziweka kwenye trei ya chumba cha mahojiano. Sikujua kwamba kwenye trei ya chini yake kulikuwa na bunda la toleo la 2.

Wiki mbili zilizopita nilikuwa naandaa ripoti ya mwaka, nikawa nasoma ule mstari mdogo ulio chini ya kila ukurasa. Kurasa za mwanzo za matoleo hayo mawili zinafanana kabisa, mstari huo tu ndio unaoyatofautisha. Kati ya watu 46 waliosaini tangu Machi, 11 wamesaini toleo la 2. Nilihesabu mara tatu.

Nilimwambia mtafiti anayesimamia kazi zetu za kila siku. Ni kijana, mpole, na mama yangu alipolazwa nikakosa kazini karibu mwezi mzima, yeye ndiye aliyenitetea. Alikaa kimya, kisha akasema tuwapigie simu wote, tuwaambie kuna karatasi haikukamilika, waje wasaini toleo la 3 na waandike tarehe ileile waliyokuja mara ya kwanza. "Ni karatasi tu, dada. Hakuna aliyedhurika." Akaomba mtafiti mkuu asisumbuliwe, kwa sababu ripoti ya mfadhili inatakiwa mwezi ujao. Na mkataba wangu, Shangazi, unaisha pamoja na ruzuku hiyo.

Nilianza kupiga. Wa kwanza alikuwa mama mmoja ambaye dawa zinamtetemesha mikono. Namkumbuka siku aliposaini, aliandika jina lake herufi moja moja, akaomba radhi kwa kutuchelewesha. Nilipomwambia karatasi haikukamilika aliniuliza, "Kwani nimekosea wapi?" Nikasema nitampigia tena, nikakata simu. Tangu siku hiyo sijampigia mtu mwingine, na mtafiti huyo, ambaye kazini namwita kaka, ameshaniuliza mara mbili tumefikia wapi.

Katika hao 11, mmoja alijitoa kwenye utafiti mwezi Juni, na mwingine sasa hivi amelazwa, ugonjwa umemrudia. Nikikataa nitakuwa nimemsaliti mtu aliyenifaa. Nikisema kwa wakubwa nitakuwa nimejishtaki mwenyewe, maana bunda lile ni mimi niliyeliacha. Nifanyeje?

Mtunza Mafaili

*

Marahaba, mwanangu.

Nadhani kilichokufanya ushike kalamu si mkataba hasa, ni lile swali la yule mama. Hukuweza kumjibu kwa sababu jibu la kweli ni kwamba hakukosea popote, na ulikuwa umetumwa kumwambia vinginevyo.

Kama nimekuelewa, bunda la fomu za zamani lilisahaulika, watu 11 wakasaini toleo lililokwisha muda wake, na sasa mtu unayemheshimu anataka kosa hilo lifutike kwa tarehe isiyo ya kweli. Unaogopa kumwangusha, unaogopa kukosa kazi, na unaogopa vidole vyote vielekee kwako. Hofu hizi zimefungwa fundo moja, ndiyo maana kila ukivuta uzi mmoja mwingine unakaza. Tuzitenganishe.

Kwanza hilo kosa. Hukuliondoa bunda, na sehemu hiyo ni yako kweli. Lakini fomu ya ridhaa haina sahihi moja. Chini ya sahihi ya mshiriki kuna sahihi ya mtu aliyemweleza, na mtu huyo anathibitisha kwamba alimpitisha kwenye maelezo yaliyomo ndani. Aliyekuwa anaeleza habari za dakika 60 na hifadhi ya data alipaswa kuona kwamba karatasi aliyoshika haina habari hizo. Hilo halikuonekana mara 11. Halafu nakuuliza: toleo jipya likiidhinishwa, ni nani kwenu ameandikiwa jukumu la kupita chumba kwa chumba akusanye nakala za zamani, abakize moja kwenye faili kuu ikiwa imeandikwa kwa herufi kubwa HAITUMIKI, na kuharibu zilizobaki? Kama hayupo mtu huyo, basi hilo ni pengo la utaratibu, na wewe ulikuwa umesimama karibu nalo kuliko wengine. Sikwambii haya ili nikuoshe. Nakwambia kwa sababu mtu anayejiona ni mkosaji peke yake huwa mwepesi kukubali lolote litakalomficha.

Sasa tarehe. Kusaini toleo lililopitwa ni jambo linalotokea katika utafiti, na kamati za maadili zinalijua. Zina fomu yake kabisa, ya kuripoti ukiukaji wa itifaki, yaani mpango wa utafiti ulioidhinishwa, na maswali yake ni ya kawaida: nini kimetokea, lini, kwa washiriki wangapi, mmefanya nini, mtazuiaje kisirudie. Tarehe ya nyuma haina fomu. Hiyo ikigundulika inaitwa kughushi, hata kama aliyeifanya alikuwa na nia njema.

Mwongozo wa kimataifa wa mwenendo mwema katika utafiti wa tiba, ule unaojulikana kama ICH E6, uliotoka mwaka 1996 na kupitiwa upya mwaka 2016 na 2025, uliandikwa kwa ajili ya majaribio ya dawa, lakini vituo vingi vya utafiti wa ubongo navyo huufuata. Humo, mshiriki anatakiwa asaini na aandike tarehe yeye mwenyewe. Hebu lipime ombi la kaka yako kwa hapo. Hakuombi wewe uandike tarehe ya uongo. Anakuomba umpe kalamu yule mama mwenye mikono inayotetemeka, aiandike yeye, kwa mkono wake, bila kujua anachoshirikishwa. Sina hakika kama kaka yako mwenyewe amelitazama hivyo.

Na hata tukiweka dhamiri pembeni kidogo, jambo hili halifichiki kama anavyodhani. Mshiriki akishasaini hupewa nakala aende nayo nyumbani. Maana yake zipo nyumba 11 zenye toleo la 2 na tarehe ya kweli. Akija tena atarudishiwa nauli, na risiti itakuwa na tarehe ya leo. Kalenda ya miadi itaonyesha ujio wa pili usiokuwa kwenye itifaki. Mkaguzi hahitaji ujanja wowote, anaweka risiti za nauli kando ya fomu na kusoma tarehe.

"Hakuna aliyedhurika" nalo tulitazame vizuri. Watu hao walikubali dakika 45 wakalala 60. Dakika 15 zaidi ndani ya bomba jembamba, kichwa kimefungwa kisitikisike, kelele zinazoweza kupita desibeli 100, si jambo kubwa kwa mtu mzima wa afya. Kwa mtu mwenye wasiwasi mkali, au aliyewahi kusikia sauti ambazo wengine hawazisikii, huenda aliuvumilia muda ule kwa kujihesabia dakika. Hatujui, kwa kuwa hakuna aliyemuuliza.

Zito zaidi ni picha. Wengi hudhani jina likishaondolewa, picha ya ubongo haina mwenyewe. Lakini MRI ya kichwa inachukua pia ngozi, pua na taya, na kompyuta inaweza kuujenga uso upya kutoka humo. Mwaka 2019 watafiti wa Mayo Clinic, Marekani, walichukua picha za MRI za watu 84 waliojitolea, wakazilinganisha na picha zao za kawaida kwa programu ya kutambua sura. Programu ilimpata mtu sahihi kwa 70 kati yao. Ndiyo sababu picha hufutwa uso kabla ya kupelekwa kwenye hifadhi ya pamoja, na ndiyo sababu mtu huombwa ridhaa ya jambo hilo peke yake. Sasa ziko wapi picha za hawa 11? Hukuniambia, na huenda hukuwahi kuulizwa. Kama bado ziko kwenye kompyuta za kituo, kuna nafasi ya kuzitenga leo hii. Kama zimeshapelekwa, kuziomba zirudishwe kuna utaratibu wake, na kila wiki inayopita watafiti wengine wanaweza kuwa wamezipakua. Swali hili halingoji wewe uamue kuhusu tarehe. Na vivyo hivyo vile vichupa vya damu kwenye friza.

Tuje kwa kaka yako. Hebu usimwite mwovu, wala usimwite malaika kwa sababu alikutetea. Watafiti wengine vijana wanaamini kwa dhati kwamba tarehe ya kwenye fomu ni tarehe ya ziara, na kwamba kuisaini upya ni kuirekebisha. Alisema haraka, akiwa na hofu ya ripoti. Deni la wema ni zito, nalijua, lakini jiulize ungelilipaje. Kumsaidia kufanya jambo litakalomfuata kwenye kila andiko atakalochapisha kutokana na utafiti huu, huo ni usaliti pia, wa aina ya polepole.

Njia ulizonazo naziona hivi.

Unaweza kurudi kwake kwanza, ana kwa ana, si kwa ujumbe wa simu. Usiende na lawama, nenda na karatasi mbili. Ya kwanza ni jedwali: namba ya mshiriki, tarehe aliyosaini, toleo alilosaini, alilala dakika ngapi, damu yake iko wapi, picha yake iko wapi. Ya pili ni rasimu fupi ya maelezo kwa ajili ya faili, ya aya mbili, inayosema kilichotokea bila kumtaja mtu kwa ubaya. Kisha mwambie kitu kama, "Kaka, hawa tunaweza kuwaomba wasaini toleo la 3 kwa tarehe ya siku watakayokuja, tukaambatanisha maelezo haya. Tarehe ya nyuma siwezi kuwaomba, nilijaribu nikashindwa." Uzuri wa njia hii ni kwamba unampa mlango wa kutokea. Hatari yake ni kwamba akikataa, atajua wewe huko upande wake, na ukienda juu baadaye ataona ulimtangulia. Na hata akikubali, kumrudia mshiriki kwa ajili ya kasoro kama hii kwa kawaida hupitia kwanza kwa mtafiti mkuu na kamati, kwa hiyo ombi lake la kumficha mkubwa wake haliwezi kubaki kama lilivyo.

Unaweza kwenda moja kwa moja kwa mtafiti mkuu. Kibali kina jina lake, na ukiukaji ukitokea yeye ndiye anayewajibika mbele ya kamati hata kama hakuwa na habari. Wapo wakuu wanaoshukuru kuambiwa mapema, wapo wanaomtafuta wa kumwangushia. Wewe umekaa naye miaka sita, mimi simjui. Kumbuka kosa lilipita lini mara ya mwisho pale kwenu, na yeye alifanyaje.

Unaweza kumuuliza katibu wa kamati ya maadili utaratibu tu, bila kutaja utafiti: "Tukikuta washiriki wamesaini toleo la zamani, tunaripoti ndani ya siku ngapi, na kwa fomu ipi?" Ni swali ambalo mtu wa utawala ana haki ya kuuliza siku yoyote. Lakini kama kamati yenu ni ndogo na mafaili yote yanapita mikononi mwako, katibu anaweza kukisia, na ukishauliza, kunyamaza baadaye kunakuwa kugumu zaidi.

Unaweza pia kukataa kimoyomoyo, usipige simu, umwachie. Najua hiyo ndiyo uliyomo sasa. Inatuliza kwa siku chache, lakini huenda akawapigia mwenyewe, fomu zikarudi kwenye kabati lako zikiwa na tarehe za Machi na Aprili, na wewe ukazipanga ukijua. Au unaweza kufanya alivyosema. Nimekwishakuonyesha zile risiti na zile nakala za nyumbani, sitarudia.

Kuhusu mkataba sikupi matumaini ya uongo. Mtu anaweza kusema kweli na bado mkataba wake usihuishwe. Ila usichanganye kuisha kwa ruzuku na kuripotiwa kwa kasoro kama kwamba ni kitu kimoja. Fomu 11 kati ya 46, zilizogunduliwa na kituo chenyewe kabla ya ukaguzi, mfadhili anaweza kuzisoma kama dalili kwamba mafaili yanaangaliwa. Ukizigundua wewe na kuzileta wewe, simulizi hiyo ina jina lako pia.

Yapo machache ya kushika kwa vyovyote utakavyoamua. Zile fomu 11 usiziguse. Usiondoe, usipake wino mweupe, usiandike juu yake. Fomu ya toleo la 2 inabaki kwenye faili, kwa sababu ndiyo kumbukumbu ya alichokubali mtu siku ile, na fomu mpya hukaa nyuma yake. Andika kwenye daftari lako ulichokiona na ulichoambiwa, tarehe na saa, bila jina la mshiriki hata mmoja, namba tu. Na tafadhali, mwanangu, usipige picha fomu hizo kwa simu yako ili uwe na ushahidi. Nimeona wasiwasi kwenye barua yako na najua mkono unaweza kukupeleka huko. Fomu ile ina jina la mtu kando ya jina la ugonjwa wa akili, na ikishaingia kwenye simu yako, wewe ndiye utakayekuwa umevunja siri.

Hesabu pia upya, si kwa fomu tu. Chukua orodha ya miadi ya mashine tangu Machi, uilinganishe na fomu. Anayepitia fomu peke yake hawezi kumwona mtu aliyepigwa picha na fomu yake haipo kabisa.

Wale wawili uliowataja mwishoni wana mambo yao. Aliyejitoa mwezi Juni hapigiwi simu kuombwa ridhaa ya utafiti alioukataa. Swali lake ni nini kifanyike kwa picha na damu yake, na jibu linatoka kwenye yale aliyosaini yeye, yaani toleo la 2, na kwa kamati. Aliyelazwa asiguswe kwa sasa. Ili mtu aridhie anahitaji kuelewa anachoambiwa, kuona kwamba kinamhusu yeye, kukipima, na kueleza anachotaka. Hayo manne hupanda na kushuka kadiri ugonjwa unavyopanda na kushuka, na kupimwa kwake si kazi yako wala ya kaka yako, ni ya tabibu asiye na haja na data hiyo. Akipata nafuu ataulizwa, na ana haki ya kusema hapana bila matibabu yake kutikisika.

Na yule mama umemwacha hewani, anangoja simu yako, na nadhani anajilaumu. Huhitaji kungoja uamuzi wowote ili umpigie. Mwambie hakukosea kitu, kasoro iko upande wa kituo, na atajulishwa ikitengemaa. Asiitwe kuja bado. Ukipiga na mtu mwingine akapokea, taja jina lako tu na useme utapiga tena. Usitaje kituo, kwa maana huenda watu wa nyumbani kwake hawajui anaugua nini.

Shangazi